Tairi la Majani ya Mgomba

Mimi nimelelewa kwenye pancha. Baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli huko Unguja, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kuzamisha tyubu kwenye karai la maji nikatafuta mahali panapotoa mapovu. Kwa hiyo nilipohamia Moroni, kisiwani Ngazija, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nilidhani hakuna wa kunifundisha lolote kuhusu tairi. Wallahi nilijidanganya.

Ilikuwa miaka ile ya mamluki. Wazungu wa kukodiwa walikuwa wamekwisha kuiondoa serikali moja na kuiweka nyingine, na sasa walikuwa wakiilinda ile waliyoiweka. Watu waliwataja kwa sauti ya chini, au hawakuwataja kabisa. Mimi sikuja kwa siasa. Nilikuja kwa sababu asili yetu ni Ngazija, kazi ya kufundisha Kiingereza ilipatikana, na nilikuwa na binti wa miaka minne niliyemwacha kwa mama yangu Unguja. Mama yake mtoto tuliachana, akaolewa Pemba. Nilimwambia binti yangu nikipata pa kukaa nitamleta. Aliniuliza ni kesho? Nikamwambia si kesho, lakini karibu. Hilo "karibu" lilinikaa kooni miaka miwili.

Moroni nilifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Badjanani, kwenye vichochoro vya nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Naye alizaliwa Unguja, na nyumbani kwake kilisemwa Kiswahili tu, maana alisema Kingazija chake kinachekwa sokoni. Wiki ya kwanza tu nilimweleza habari ya mwanangu. Akaniangalia kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Hapa mwanamume hana nyumba," akaniambia. "Nyumba ni ya mwanamke. Anajengewa na kwao, na mume anaingia na nguo zake. Huna mke, huna paa. Utamweka wapi huyo mtoto, juu ya hiyo baiskeli?"

"Basi nitaoa."

"Utaoa. Lakini nani atakubali kuingiza mtoto wa mwanamke mwingine kwenye nyumba mpya, rangi haijakauka? Oa kwanza, nyamaza. Mtoto utamsema baadaye."

Nilinyamaza. Sikupenda, ila nilinyamaza, na kunyamaza nako ni kusema uongo, tofauti yake ni kwamba hutokwi na jasho.

Hiyo baiskeli aliyoitaja niliachiwa na mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ya bluu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na tairi zake upana wa kidole gumba. Shangazi alipoiona aliuliza kama ilikuwa inaumwa, mbona imekonda hivyo. Mimi nilikuwa nimezoea zile baiskeli zetu nzito zinazobeba gunia la mkaa na mtu juu yake. Hii niliinyanyua kwa vidole viwili. Nikaona, alhamdulillahi, shule yangu ya Ntsoudjini nitaifikia kabla jasho halijatoka.

Wiki ya kwanza nilipata pancha tatu. Barabara za kule zimekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe yale yakimeguka hutoa vipande vyeusi vyenye makali ya wembe. Pancha ya kwanza niliziba kwa madaha, watu wanatazama. Nikaikwangua tyubu kwa jiwe badala ya msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, nikabandika kiraka nilichokata kwenye tyubu kuukuu ya gari. Kazi safi. Kesho yake tairi liko chini. Nikaziba tena. Kesho kutwa liko chini, na tundu lipo pale pale, ukucha mmoja kutoka kwenye kiraka.

Nilimlaumu Mfaransa, nikailaumu gundi. Shangazi alikuwa anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua uso, "Umeingiza mkono ndani ya tairi?"

Sikuwa nimeingiza mkono ndani ya tairi. Mtoto wa fundi baiskeli, nimeziba mara mbili na kisu nimekiacha ndani. Nikapitisha vidole polepole kwa upande wa ndani, na kweli, kikanichoma: kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele aliokuwa anachambua. Mdharau mwiba mguu huota tende. Shangazi akaendelea kuchambua mchele wake.

Toka siku hiyo nikaacha majivuno, nikaishika adabu ya tairi jembamba. Asubuhi kabla ya chai nilizibonyeza zote mbili kwa kidole gumba. Kama kidole kinazama, hazijajaa. Tairi la namna ile likiwa laini, ukigonga jiwe, ukingo wa rimu unaibana tyubu na kuitoboa mara mbili, matundu mawili pembeni kwa pembeni kama kuumwa na nyoka. Nikipita penye vigae vya chupa nilishuka nikapangusa tairi kwa kiganja, nikilizungusha, ili kitu kilichonata kisipate muda wa kuingia. Nikakata ukanda wa tyubu kuukuu nikautandika ndani ya tairi, kati yake na tyubu, na upande wa rimu nikazungusha kitambaa juu ya vichwa vya spoku, maana spoku nazo hutoboa, tena kutoka ndani ya nyumba. Pancha zikapungua. Muhula mzima nikapata moja tu, na siku hiyo nilikaribia kuifurahia, kwa kuwa nilijua la kufanya.

Kulikuwa na shida moja tu isiyo na dawa. Valvu ya baiskeli ile ilikuwa nyembamba, ya Kifaransa, na pampu za watu wote hazikuingia. Iliyoingia ni ile moja niliyoachiwa, bomba refu la chuma lenye mpini wa mbao. Niliilinda kuliko saa yangu.

Mwaka wa pili nikahamishiwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Baiskeli ilisafiri nami melini. Nikapanga chumba kwenye mji wa kale, vichochoro vyembamba hata nikaibeba baiskeli begani mpaka barabarani. Lugha ya kule nayo si ile ya Moroni niliyokuwa nimeanza kuiokota, na zote mbili zina tabia ya kukuchezea wewe Mswahili: neno unalijua, maana yake imehama. Ukimwambia mtu "marahaba" kule, anadhani unamshukuru. Darasani nilinusurika, kwa kuwa wanafunzi waliniamkia kwa Kifaransa nami nikawajibu kwa Kiingereza.

Huko bandarini palikuwa na mwanamke karani, aliyeandika hati za mizigo. Nilikwenda kufuatilia sanduku la vitabu vya shule, nikaenda tena, na mara ya tatu sanduku lilikuwa limeshafika na mimi nikaenda vivyo hivyo. Alikuwa anajua Kiswahili cha mabaharia, kifupi, hakina mapambo. Siku moja akaniuliza, "Wewe sanduku lako halifiki, au hufiki wewe?" Nikamwandikia shangazi. Shangazi akapanda meli, akaenda kwa wazee wa yule mwanamke, akaposa. Alipoulizwa kama niliwahi kuoa akasema sijawahi. Hakuniambia mpaka alipokwisha kusema.

Nikagombana naye, lakini si sana, na hilo naliona aibu mpaka leo. Maana upande mmoja nilikuwa naona paa. Nyumba ya yule mwanamke ilikuwa imekwisha kujengwa, mawe na saruji, vyumba vitatu, na mimi kila nikipita chini yake nilikuwa nahesabu dirisha lipi lingekuwa la mwanangu.

Likabaki jambo moja: mjomba. Kule kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Wa kwao alikaa Patsy, kijiji cha juu mlimani, na Ijumaa alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo, Majunga, asijulikane atarudi lini. Alitaka aniangalie kwa macho yake Alhamisi, kabla ya alasiri. Asiponiona, shauri lisubiri. Mchumba wangu alitangulia kule Jumatano kumuaga. Kabla hajaondoka akanipa somo moja mlangoni mwa ofisi. "Usimwamkie shikamoo. Sema kwezi. Mkubwa huamkiwa kwezi."

Shangazi naye akanipa lake. "Mposaji hafiki na jasho. Baiskeli uifiche karibu na kijiji, uvae kanzu, umalizie kwa miguu. Na ule mdomo wako uufunge."

Alhamisi magari ya Patsy hayakuonekana. Watu walisema barabara ina kizuizi, na gari yenye akili haiendi penye kizuizi. Baiskeli haina akili. Nikabonyeza tairi, ngumu kama mawe, nikafunga pampu kwenye fremu, kanzu na kofia mkobani, mkoba begani, nikaondoka saa sita na nusu.

Kizuizi kilikuwa nje ya mji: gogo juu ya mapipa mawili, askari wawili wenyeji na Mzungu mmoja mwenye sare nyeusi, shingo nyekundu kwa jua. Wakapekua mkoba, wakaikunjua kanzu. Halafu Mzungu akaiona pampu. Akaifungua, akalitazama jua kupitia bomba lake, akainusa. Mimi hasira inanipanda, na hasira yangu ni ya moto wa makuti, inawaka kabla sijaiita. Nilitaka kumwambia, bwana, hiyo inatia upepo tu. Nikaimeza. Nilikuwa na mtoto wa kumleta.

Akaniuliza kwa Kifaransa ni kitu gani. Nikamwonyesha tairi. Akalibonyeza, akaona limejaa, akasema basi huihitaji, utaichukua ukirudi. Askari wenyeji wakatazama chini. Gogo likainuliwa.

Nilikanyaga pedali bila kugeuka mpaka kona ya pili, ndipo nikapumua. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wamechukua pampu, mimi wameniacha. Naapa, kilima kile nilikipanda kama tambarare.

Raha hiyo haikudumu. Baada ya njia kuanza kupanda kweli kweli, penye mashamba ya mikarafuu, gari la mizigo lilishuka likanisukuma kando, na gurudumu la mbele likaingia shimoni likagonga jiwe. Nikasikia ile sauti, fyuu, mpaka mwisho wake. Nikavua tairi: matundu mawili, pembeni kwa pembeni. Viraka ninavyo, gundi ninayo, mawe ya kukwangulia yapo milioni. Upepo sina.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Kwa miguu nisingefika kabla ya alasiri, na mjomba akishakwenda Majunga, shauri la nyumba ile laweza kulala mwaka. Nilimwona binti yangu ananiuliza ni kesho.

Baba yangu alikuwa na dawa ya mwisho, ambayo aliionea haya na hakuifanya mbele ya wateja: tairi lisiloweza kujazwa upepo hujazwa majani. Pale palikuwa na migomba. Nikachuma majani makavu yaliyoning'inia, nikayasokota kamba kamba, nikaitoa tyubu na kuyashindilia mahali pake kwa kidole na kwa mpini wa kijiko cha kufungulia tairi. Ukiyalegeza yanakunjamana na tairi linatoka kwenye rimu, kwa hiyo unashindilia mpaka kidole kinauma, halafu unaongeza. Nikalizungusha. Lilikuwa na vinundu, linadunda, lakini limesimama.

Likanibeba. Kila mzunguko lilinipiga mikono, na kila mara nilimshukuru Mungu na marehemu baba. Pa kushukia nikavae kanzu nilipaona, nikapapita. Sikuwa na dakika ya kuficha chochote. Kanzu niliivaa juu ya shati huku nasukuma baiskeli uani kwa yule mjomba, mikono myeusi mpaka vifundoni na majani yanachungulia pembeni mwa tairi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda na birika la udhu, mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kufanya biashara Tanga na Mombasa. Akanitazama mimi, akaitazama baiskeli. Nikainamisha kichwa.

"Kwezi," nikasema.

Akanijibu kwa upole, "Mbona."

Ewe Mola wangu. Mbona. Mbona umechelewa, mbona mchafu, mbona na baiskeli? Nilimwangalia usoni, naye ametulia, anangoja, nami nikaona huyu mzee anajua yote. Basi nikafunguka kama gunia lililokatwa kamba.

"Mbona nimechelewa, mzee wangu, ni tairi. Pampu nimenyang'anywa kizuizini, tairi likagonga jiwe, nimetia majani ya mgomba. Baiskeli niliambiwa niifiche nikakosa wakati. Na mbona shangazi alisema sijaoa, alisema uongo, na mimi nilijua nikanyamaza. Nilioa Unguja, tukaachana. Nina mtoto wa kike yuko kwa mama yangu, nilimwambia karibu nitamleta, na ni miaka miwili sasa. Nilitaka kuoa kwanza nimseme baadaye. Kama haifai, niambie nishuke, nitakwenda kwa miguu."

Kuku mmoja alipita. Mzee alikuwa amelishika birika hewani.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili safi cha Tanga, "sikukuuliza kitu. Ukisema kwezi, mkubwa hujibu mbona. Ndivyo tunavyoitikia. Kama kwenu marahaba."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kanzu. Mtu kuitikiwa salamu tu, naye akatoa siri zote za ukoo. Adhana ikaanza, na mzee akaniambia, "Tawadha, twende tukasali kwanza." Nikasali bega kwa bega naye, na Mungu anisamehe, sijui nilisoma nini.

Tulipotoka msikitini alitembea polepole, mikono nyuma. Mlangoni kwake akasimama.

"Wewe nimekukubali," akasema. "Wameshakuja wengine wawili kumposa. Nao niliwaitikia mbona vile vile, hakuna aliyeniambia hata jina la mama yake." Kidogo akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini habari ya mtoto si yangu. Nikisema ndiyo, nimesema juu ya nyumba isiyo yangu. Mwenye nyumba yumo ndani. Mwambie mwenyewe."

Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake nikaona miguu ya mchumba wangu, imevaa viatu vya mbao. Nikarudia yote, sasa taratibu, safari hii bila kukoseshwa na salamu. Nikamaliza. Nikajiambia, umeshayasema, hata ukifukuzwa huyabebi tena, na ajabu ni kwamba nilikuwa mwepesi, nimepoa, kama niliyekwisha shuka mlima.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Sita kasoro."

"Usiku analala peke yake?"

"Halali peke yake. Analala na bibi yake, anamshika sikio."

Mjomba akajifanya anatazama baiskeli.

"Basi mwanzoni atalala na mimi," akasema nyuma ya pazia, "mpaka aizoee nyumba."

Nilichuchumaa pale pale kizingitini nikalia, mtu mzima, mikono yangu ina gundi na vumbi la majani. Mjomba aliniacha nilie. Halafu akaniambia niandike barua kwa mama yangu jioni hiyo hiyo, kwamba meli ya Unguja inapita Jumatatu, na nisiweke neno "karibu" bila tarehe.